Laptopu inazima ghafla kwenye asilimia 30: seli zimechoka au kipimo kimepotea?

mwana_himbi, Goma

Wakubwa, jambo yenu.

Nina laptopu ya okazi (iliyotumika), inchi 15, betri ya ndani ya seli tatu, volti 11.4. Asilimia zinashuka kawaida hadi karibu 30, halafu mashini inazima bila kuonya, kama mtu amechomoa waya. Nikichomeka na kuiwasha inaniambia iko kwenye 28 au 29. Ripoti ya Windows inasema:

DESIGN CAPACITY 41,040 mWh (uwezo wa kiwandani)
FULL CHARGE CAPACITY 24,580 mWh (uwezo wa sasa ikijaa)
CYCLE COUNT 412 (mizunguko ya chaji)

Chaja ni ya wati 65 na mashini inaitambua. Umeme ukiwapo laptopu haitoki kwenye waya, ukikatika nafanya kazi kwa betri mpaka izime.

Nimepewa mashauri matatu: niifanyie kalibraji (kusahihisha kipimo cha asilimia), niitoe nikaiweke friza usiku mmoja, au ninunue nyingine sokoni Birere. Lipi lina akili? Na hii habari ya kuzuia chaji isipite 80, kwetu wa delestaji (mgao wa umeme) si ni kujinyima?

---

fundi_birere, Goma

Ndugu, la friza lisahau hapo hapo. Ukiitoa kwenye baridi inaloa jasho hadi ndani ya saketi, na uwezo uliopotea haurudi kwa baridi.

Sasa hesabu. 24,580 gawanya kwa 41,040 unapata 0.60. Betri imebaki na asilimia 60 ya uwezo wa kiwandani. Kwa kawaida betri ya laptopu hutengenezwa ivumilie mizunguko 300 hadi 500 ndipo ishuke kwenye asilimia 80 (Mac nyingi zimepangiwa 1,000). Mzunguko mmoja ni jumla ya asilimia 100 zilizotumika, hata kama ni 25 mara nne, hauhusiani na mara ngapi umechomeka waya. Kwa hiyo 412 peke yake haitoshi kueleza 60. Kilichobaki kimeliwa na joto, na kule kukaa imejaa saa zote umeme ukiwapo.

Lakini angalia: asilimia 60 haizimi mashini kwenye 30. Betri iliyochakaa ambayo kipimo chake kiko sawa ingeshuka haraka, ila ingefika 5 na kukuonya. Kuzima ghafla kuna sababu mbili na matibabu yake hayafanani.

Ya kwanza ni kipimo. Ndani ya betri kuna chipu inayohesabu umeme unaoingia na unaotoka, na kila hesabu ina kosa dogo. Makosa hayo yanajumlika. Chipu hujirekebisha inapoiona betri imejaa na kutulia, kisha tupu na kutulia. Betri inayozimwa katikati kila mara haifiki huko chini kwa utaratibu, basi chipu inaendelea kuamini namba za zamani.

Ya pili ni ukinzani wa ndani. Seli ikizeeka, utando unaokua juu ya grafiti unameza litiamu (huko ndiko uwezo unakokwenda) na unazuia umeme kupita. Umeme bado umo, lakini ukiuvuta kwa nguvu volti zinaporomoka. Seli tatu zimefuatana kwenye mstari mmoja, kwa hiyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayoamua: ikianguka karibu na volti 3, saketi ya ulinzi inakata zote. Windows haipati hata sekunde ya kukuonya.

Fanya kalibraji mara moja tu, kama kipimo cha kutenganisha hayo mawili:

1. Jaza hadi 100, halafu iache kwenye waya saa 2 zaidi. Kutulia huko ndiko chipu inakohitaji.
2. Zima usingizi wa mashini, punguza mwanga wa skrini, chomoa. Fungua maandishi tu, usiweke video. Ikishuka taratibu kipimo kinasoma vizuri zaidi.
3. Iache ijizime yenyewe. Usiiwashe, usiichomeke kwa saa 3 au 4.
4. Jaza hadi 100 bila kukatiza. Hapa ndipo delestaji inaharibu kazi, basi chagua muda ambao umeme unatulia kwenu au tumia mota (jenereta).

Ukitoa ripoti tena ukakuta FULL CHARGE CAPACITY imeshuka, usiogope, betri haijaharibika usiku huo, kipimo ndicho kimeanza kusema kweli. Na usirudierudie: kila kalibraji ni mzunguko mzima, na haiongezi uwezo hata kidogo.

Wakati unasubiri, okoa kazi zako. Fungua cmd (dirisha la amri la Windows) kama msimamizi, hakikisha mashini inaweza kulala kwenye diski, kisha pandisha kiwango cha hatari juu ya pale inapozimia:

powercfg /h on
powercfg /setdcvalueindex scheme_current sub_battery batlevellow 45
powercfg /setdcvalueindex scheme_current sub_battery batlevelcrit 38
powercfg /setdcvalueindex scheme_current sub_battery batactioncrit 2
powercfg /setactive scheme_current

Ile 2 maana yake ni kulala kwenye diski. Ikifika 38 inahifadhi kila kitu na kuzima kwa adabu. Kwa wenye kibodi ya AZERTY, alama ya / iko kwenye kitufe cha nukta mbili pamoja na Maj (Shift). Siku ya kalibraji rudisha low 10 na crit 5, la sivyo haitafika chini.

---

kadutu_tux, Bukavu

Kabla ya kupoteza siku nzima kwa kalibraji, pima volti. Ni robo saa na jibu ni wazi zaidi.

Washa mashini kwa flashi yenye Linux ya kujaribu bila kusakinisha, Mint au Ubuntu, zote sawa. Betri iwe kati ya 40 na 50, waya umechomolewa. Fungua terminali:

watch -n1 cat /sys/class/power_supply/BAT0/voltage_now /sys/class/power_supply/BAT0/current_now

Namba ni mikrovolti na mikroampea, yaani 11300000 ni volti 11.3. Mashini nyingine haina current_now ila power_now, hapo gawanya nguvu kwa volti. Nyingine betri inaitwa BAT1. Andika namba mashini ikiwa imetulia. Halafu fungua terminali ya pili, ipe prosesa kazi:

yes > /dev/null &

Rudia mara nne, andika namba mpya, kisha killall yes. Tofauti ya volti gawanya kwa tofauti ya ampea: huo ndio ukinzani wa betri nzima kwa omu. Betri nzuri ya seli tatu huwa inacheza kwenye 0.2 hivi. Ikipita 0.5, kalibraji haitakusaidia kitu.

Kuhusu kikomo cha chaji, mimi naweka 60 na kusahau. Kwenye Linux:

echo 60 | sudo tee /sys/class/power_supply/BAT0/charge_control_end_threshold

Ukiwasha upya inaweza kupotea. Kwa wenye TLP (programu ya Linux ya kutunza betri) iandike kwenye /etc/tlp.conf, STOP_CHARGE_THRESH_BAT0. IdeaPad nyingi hazikubali namba ya kuchagua, zina swichi moja tu inayoitwa conservation_mode.

---

mwana_himbi, Goma

Aksanti sana wakubwa. Nimepima, betri ikiwa kwenye 45:

imetulia: volti 11.31, ampea 0.62
kwenye kazi: volti 10.02, ampea 1.91

Nimerudia kwenye 34: ilianza na volti 11.08, nilipotoa amri ya tatu ikazima.

---

fundi_birere, Goma

Kadutu_tux amekuokolea siku. 11.31 toa 10.02 ni volti 1.29. 1.91 toa 0.62 ni ampea 1.29. Ukinzani ni omu 1 kamili, karibu mara tano ya betri nzuri. Kalibraji iache. Seli zimechoka, na pengine moja imechoka kuliko wenzake.

Nunua nyingine, ila tazama kabla ya kutoa dola.

Linganisha kodi (namba ya modeli) iliyoandikwa kwenye betri yako ya zamani. Jina la laptopu halitoshi, maana modeli moja inaweza kuwa na betri mbili za umbo tofauti. Volti zifanane: 11.1, 11.4 na 11.55 zote ni seli tatu, lakini seli za 11.1 hujazwa hadi volti 4.2 kila moja, na za 11.4 na 11.55 zinapita hapo, 4.35 au 4.4. Usichanganye. Plagi nayo iangalie kwa macho, idadi ya pini na urefu wa waya.

Uliza wati-saa, usikubali kutajiwa mAh peke yake. Wh ni volti mara Ah: 11.4 mara 3.6 ni 41. Betri yenye umbo lile lile na iliyoandikwa Wh 60 ni karatasi ya uongo. Ipime uzito mkononi pamoja na ya zamani. Seli za kweli zina uzito, na nyepesi mno ina seli ndogo ndani au nafasi tupu. Tarehe ya kutengenezwa isome, kwa sababu betri iliyokaa kwenye kabati miaka minne ni "mpya" kwa karatasi ya nje tu.

Ukishaifunga, toa ripoti. Mwenye kuuza atakuonyesha FULL CHARGE sawasawa na DESIGN na mizunguko 0, na ataridhika. Hilo halithibitishi kitu, chipu ya bandia inaweza kuandikwa namba yoyote. Dai kipimo cha omu alichokufundisha kadutu_tux, pia muda halisi: kwenye wati 12, betri ya Wh 41 inapaswa kukupa zaidi kidogo ya saa 3 na dakika 20. Kubaliana na muuzaji juu ya siku za kurudisha kabla hujalipa, baada ya hapo ni porojo.

Kama kuna ndugu anakuletea kutoka Dubai au Nairobi kwa ndege: betri ya akiba hairuhusiwi kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege, inabebwa mkononi, chini ya Wh 100, plagi imefunikwa kwa karatasi ya gundi.

---

lushi_volti, Lubumbashi

Nakubaliana na yote isipokuwa ile 60 ya kadutu_tux. Piga hesabu: betri mpya ya Wh 41 ukiizuia kwenye 60, unabaki na Wh 24.6. Hiyo ndiyo namba ile ile ya betri chakavu aliyonayo mwana_himbi leo! Unaingia uzeeni kwa hiari siku ya kwanza. Kwa mashini ya ofisini ambayo haitoki kwenye waya, sawa, 60. Kwa mtu wa delestaji, weka 80 siku za kawaida, na ukijua kesho mtaa wenu unakatwa, fungua hadi 100 usiku huo. Kufikia 100 hakuui betri. Kukaa kwenye 100 wiki baada ya wiki, tena kwenye joto, ndiko kunaiua.

Jedwali linalotumiwa sana na watu wa betri linaonyesha hivi: litiamu iliyohifadhiwa mwaka mmoja kwenye nyuzi 25 hubaki na asilimia 96 ya uwezo kama ilikuwa na chaji ya 40, lakini 80 kama ilikuwa imejaa. Kwenye nyuzi 40 ni 85 na 65. Soma tena hiyo ya mwisho. Imejaa, iko kwenye joto, haijatumika hata mara moja, na theluthi nzima imekwenda. Nyuzi 40 ndani ya laptopu inayochajiwa si jambo la ajabu, na kwetu mwezi wa kumi chumba chenyewe kinapita 30 kabla hujawasha kitu. Goma mna baridi yenu ya mita 1,500, ila mna vumbi jeusi la volkano. Likijaa kwenye feni na mapezi ya kupoza, mashini inapika betri hata kama nje ni nyuzi 20. Safisha kwa brashi na hewa, ukishikilia feni isizunguke.

Pa kuweka kikomo inategemea mashini. Dell, ingia BIOS (mipangilio ya msingi, kabla Windows haijawaka) kwa F2, tafuta mpangilio wa kuchaji betri, chagua Custom, kwa mfano anza 60 simama 80. HP nyingi za kazi, F10, Battery Health Manager, chagua Maximize my battery health. ThinkPad na IdeaPad ni kwenye Lenovo Vantage, ASUS ni MyASUS. Mashini ya okazi iliyowekewa Windows upya mara nyingi programu hizo zimefutwa, inabidi uzirudishe.

Sasa lililonifanya niandike. Betri yako inakula mizunguko kwa sababu kila umeme ukikatika unaishi kwayo. Kama nyumbani kuna sola na betri ya volti 12, usipitie invata. Invata inapandisha 12 hadi 220, halafu chaja inashusha 220 hadi 19 au 20, na yenyewe invata inakula hata bila mzigo. Kwa laptopu inayochajiwa kwa USB-C, nunua chaja ya gari ya PD (Power Delivery, ya kuchaji kwa USB-C) yenye kuandikwa 20V 3.25A, wati 65. Zile za rahisi zinaishia 9V au 12V na mashini itazikataa. Betri ya risasi ya volti 12, Ah 100, ukiitumia nusu ni Wh 600. Laptopu ya wati 12 pamoja na hasara ya chaja weka 15: saa 40. Kwa invata inayokula wati 10 peke yake, ukijumlisha na hasara za njiani unashuka hadi saa 22 hivi. Weka fyuzi karibu na betri, ampea 10 inatosha.

Na umeme ukirudi, subiri dakika chache ndipo uchomeke. Volti ndogo haziumizi chaja sana, imeandikwa 100 hadi 240. Kinachoichoma ni ule mshtuko wa kurudi.

(Kobalti ya hizi seli inachimbwa upande wa Kolwezi, inapita barabara yetu kwa malori, halafu tunabembeleza ituuzie nchi nyingine betri ya Wh 41. Haya, basi.)

---

kadutu_tux, Bukavu

Hesabu ya 24.6 imenikamata. Mashini yangu haiondoki mezani na iko kwenye sola, ndiyo maana 60 inanifaa. Kwa mwana_himbi, 80.

---

mwana_himbi, Goma

Swali la mwisho. Kuna kijana anasema anaweza kufungua betri na kubadilisha seli tatu tu, kwa bei ya nusu. Nimkubalie? Na leo nimeona kigusio cha panya (touchpad) kimekuwa kigumu kubonyeza upande mmoja, sijui kama vinahusiana.

---

fundi_birere, Goma

Vinahusiana! Acha kuitumia sasa. Kigusio kinakaa juu ya betri, kikikataa kubonyezwa au kikiinuka maana yake seli imejaa gesi na inakisukuma.

Usiichaji tena, usiiache kwenye waya usiku. Iache iwake tu bila kazi na bila waya hadi chaji ishuke, kama mashini haina joto la kutisha, halafu:

Zima kabisa, chomoa chaja, geuza. Toa skrubu za chini na uzipange kwa mpangilio wa matundu, urefu haufanani, na ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inatoboa ubao au kigusio. Fungua ukingo kwa kadi ya plastiki. Kwanza kabisa toa plagi ya betri kwenye ubao kwa kuivuta taratibu kwa ukucha, si kwa bisibisi. Ndipo utoe skrubu za betri. Ikiwa imegandishwa kwa gundi, usiichokoe kwa chuma na usiikunje. Pitisha uzi wa kusafishia meno chini yake, au tone la alkoholi isubiri gundi ilegee. Usiibonyeze irudi bapa, na usiitoboe "itoe hewa", hewa hiyo inawaka.

Ikishatoka, iweke nje ya nyumba juu ya mawe, na hayo Goma hatuyakosi, mbali na mlango na mbali na watoto. Usiitupe kwenye takataka zinazochomwa. Ikianza kutoa moshi rudi nyuma, usivute hewa ile. Moto wa betri ya laptopu unazimwa kwa maji mengi, kwa sababu kinachotakiwa ni kuipoza.

Laptopu yenyewe inafanya kazi bila betri, kwa chaja tu, modeli nyingi. Umeme ukikatika inazima, ndiyo, basi hifadhi kazi mara kwa mara.

Kuhusu kijana: mwambie hapana. Chipu ya betri nyingi ikipoteza volti za seli inajifunga na kuandika hitilafu ya kudumu, hata ukiweka seli za dhahabu haifunguki bila kifaa na programu yake. Halafu seli hizo bapa lazima ziwe za uwezo mmoja, volti moja siku ya kuunganishwa, na ziunganishwe kwa mashine ya kulehemu nukta. Risasi ya pasi ya kuchomelea inaunguza seli ndani. Na akikuonyesha seli ya duara ya 18650 iliyoandikwa 9,800 mAh, hata usimwulize bei: nzuri nyingi zinafika karibu 3,500 tu.

Leta namba iliyoandikwa kwenye betri ukishaitoa, nikuambie ipi inalingana. Futa namba ya utambulisho (serial) ya mashini kwenye picha kabla ya kuiweka hapa.